Tupeane uzoefu: Uliyewahi kumiliki pikipiki kubwa ya spoti, ilikulipa au ilikuliza?

Mzee wa Mlandizi

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 34, naishi Mlandizi, kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji la Dar. Mwaka wa sita huu natumia Boxer 150 na haijawahi kunilaza njiani, naitaja kwa heshima zote. Ila kuna jamaa Mbezi anauza Honda CBR600RR ya 2007, nyekundu na nyeusi, ekzosi imechomoza chini ya kiti. Anataka milioni 16 na nusu. Nimeshakwenda kuiona mara tatu, ile ya tatu nikajidanganya kwamba napita tu.

Hela ipo. Nimeiweka kidogo kidogo tangu 2020 kwa ajili ya kiwanja cha pili. Shemeji yenu anajua habari za kiwanja. Za pikipiki bado.

Naomba waliomiliki, siyo wanaoziota kama mimi. Ulinunua ipi, ilikula kiasi gani baada ya kuinunua (hapo ndipo wauzaji wote wanapokuwa mabubu), ulikaa nayo muda gani, na leo ukirudishiwa ile hela ungeinunua tena? Walioanguka nao waje.

---

Kinyozi wa Stendi

Naweka mkeka hapa.

---

Deni Sio Kifo

Yangu ilikuwa Yamaha R6. Nilinunua mwanzoni mwa 2017 kwa mkopo wa SACCOS ya kazini, milioni 12, marejesho miezi 36. Niseme ukweli, wiki mbili za mwanzo nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kwenda kuiangalia tu pale kibarazani, na tochi ya simu.

Baadaye ndiyo nikaanza kuelewa nimenunua nini. Gia ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa, na kwenye makazi ya watu kibao kinasema 50. Kwa hiyo Kimara mpaka Kibaha niko gia ya kwanza au ya pili, nimeibana kama mtu anayezuia chafya msibani. Injini yenyewe utamu wake unaanza mizunguko elfu kumi kwenda juu. Mahali pa kuifikisha huko bila kuhatarisha mtoto wa mtu sikupata.

Joto sasa. Foleni ya Ubungo, mwezi wa pili, jua la saa nane. Feni ikiwaka, upepo wote wa moto unakuja mapajani. Nimelala juu ya tenki, viganja vinauma kwa sababu uzito wote uko mikononi, na bodaboda wananipita katikati ya magari na Boxer zao, abiria wawili na gunia la mkaa. Mmoja alinigeukia akaniambia, "Pole, kaka." Hakuwa ananitania.

Niliuza Januari 2019, milioni 9 na laki mbili. Mkopo nikaendelea kukatwa miezi kumi na tatu zaidi, wakati mtu mwingine anaipanda.

---

Mzee wa Mlandizi

Pole mkuu. Kwa hiyo kilichokuliza ni pikipiki au mkopo?

---

Deni Sio Kifo

Mkopo. Pikipiki bado naiota.

---

Sproketi

Mimi ni fundi, niko Ilala, mwaka wa kumi na nne. Sina pikipiki kubwa hata moja, ila zinalala kwangu.

Mzee wa Mlandizi, umezoea Boxer. Ikikatika waya wa klachi unanunua kabla jasho halijakauka, na hata fundi wa Chalinze anaufunga gizani. Hiyo unayoitaka siyo hivyo. Nilikuwa na mteja pikipiki yake ilikufa kifaa cha kurekebisha chaji, kile tunachoita rektifaya. Hizi za Kijapani zikizeeka kinasumbua sana, na kikiharibika ama betri inapikwa ama inakufa njaa. Spea iliagizwa nje, ikachukua wiki tano. Wiki tano mashine imefunikwa turubai gereji kwangu na yeye anapanda daladala amebeba helmeti, sijui kwa nini alikuwa anaibeba.

Tairi la nyuma ni 180/55 inchi 17, huokoti kokote. Ukiwa mtu wa kukunja mafuta, lile la mpira laini halifiki mbali, kuna waliolimaliza kwa kilomita elfu tano. Na usinunue tairi kwa kutazama kashata tu, yaani vile vinundu vinavyoshika barabara. Pembeni kuna namba nne: ikiandikwa 2319 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna pikipiki zinauzwa mjini hapa zina tairi zenye kashata nzuri kabisa na umri wa mtoto wa darasa la tano. Mpira umeshakuwa mgumu kama soli, kwenye mvua unateleza kama sabuni.

Halafu hii habari ya "imetoka Japani, imetunzwa". Japani pikipiki ikizidi 250cc lazima ikaguliwe kisheria kila baada ya muda, za 250 kushuka hazipiti ukaguzi huo. Kwa hiyo hiyo 600 huko kwao ilikaguliwa, sawa. Maisha yake tangu ishuke bandarini Dar nani anayajua?

Ukienda kuiona tena nenda asubuhi na umwambie asiiwashe mpaka ufike. Gusa injini. Ukikuta ina joto, huenda kuna ugonjwa wa kuwaka ikiwa baridi na wameuficha. Kisha zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, uchungulie shingoni pale unapogota. Kuna vituo viwili vya chuma. Pikipiki ikila mweleka wa maana ndipo panapopondeka, na wapiga rangi wengi hawakumbuki kupagusa. Namba ya chesesi ilingane na kadi, herufi kwa herufi. Na ya 2007 haina ABS, ile inayozuia gurudumu lisijifunge ukikamata breki ghafla, hilo lijue kabla hujakutana na ng'ombe.

---

Mama Nuru

Mimi sikumiliki. Nilimilikishwa.

Mume wangu alileta nyumbani Kawasaki Ninja ya kijani, akaniambia kauziwa milioni nne na rafiki yake anayehama nchi. Nikafurahi naye. Mwezi mmoja baadaye nafua jaketi lake nakuta risiti mfukoni: milioni kumi na moja. Sikupiga kelele. Nilipika pilau, nikapakua vizuri, nikaiweka ile risiti chini ya sahani yake. Akala yote. Aliponyanyua sahani kunawa ndipo akaiona.

Sasa kile kiti cha nyuma. Jamani, waliokitengeneza hawana wake? Unakaa juu kama umekalia mbuzi ya kukunia nazi, magoti yanakaribia kwapa, na dera halina pa kwenda isipokuwa kwenye cheni. Tuliipanda kwenda harusini Kigamboni mara moja. Niliposhuka mbele ya watu sikuwa na adabu yoyote iliyobaki, na mkufu ulikuwa mgongoni.

Kilichoniuma hakikuwa zile kumi na moja. Ni ile nne. Kaka, mwambie shemeji mapema tena kwa bei yake kamili, risiti zina miguu.

Anayo mpaka leo, mwaka wa tano. Jumapili anaisugua kwa mswaki wangu wa zamani. Na usiku nikisikia mlio wake unaingia getini ndiyo nageuka upande nalala.

---

Kinyozi wa Stendi

Pilau na risiti chini ya sahani 😂😂 Huyo shemeji anastahili hekalu.

---

Kifaru wa Dodoma

Naona uzi umegeuka matanga, ngoja niharibu. Nina Suzuki GSX-R750 tangu 2015 na sijutii hata thumni.

Nina miaka 52. Nilijifunzia Honda CG125 ya marehemu baba, Kondoa, enzi hizo barabara ni vumbi tupu. Leo kuna lami Dodoma hadi Babati, kilomita 250 hivi. Jumamosi natoka saa kumi na mbili asubuhi, lori bado chache, baridi inaingia kwenye mikono ya jaketi. Ukikaribia Kolo, kule kwenye michoro ya miambani, kona zinaanza. Sikimbizi. Nikitoka kwenye kona nafungua mafuta polepole na ile silinda nne inaanza kuimba kuanzia chini, sauti inapanda kama kwaya inayopokezana, na kwa hizo sekunde mbili tatu sina deni, sina presha, sina mkwe. Halafu mbele kuna kijiji, narudi 50 kama raia mwema. Nageuza, chai na maandazi Kondoa.

Umeuliza inakula kiasi gani. Mimi naandika kila kitu, mke wangu ni mhasibu. Mwaka 2023 nilikwenda kilomita 6,800. Tairi mbili 1,150,000. Cheni na sproketi 420,000. Oili na filta mara mbili 260,000. Pedi za breki 130,000. Panya walikula waya, 180,000 (hii hakuna muuzaji atakwambia). Jumla 2,140,000, yaani kama shilingi 315 kwa kila kilomita, petroli bado. Petroli napata kilomita 15 au 16 kwa lita. Boxer yako inakupa hamsini, usilinganishe, utalia.

Bima kubwa, ile inayolipa hata chombo chako mwenyewe, nilihangaika. Mawakala wawili waliniambia kwa pikipiki ya aina hii wanaweza kunipa ile ndogo tu. Wa tatu alinipa, kwa bei iliyonifanya niulize kama ni ya pikipiki au ya meli. Leseni hakikisha una daraja A, ile ya zaidi ya 125cc. Askari wakinisimamisha, nusu yao wanataka picha, ila nusu nyingine wanataka makaratasi.

Watu wanaunda kamati ya harusi, milioni ishirini zinaliwa usiku mmoja, na hakuna anayefungua uzi kuuliza kama inalipa. Mimi hii naila kila Jumamosi mwaka wa kumi.

Lakini sikiliza: kazini siendi nayo. Nina gari bovu la kwenda kazini. Wewe unataka kuitoa Mlandizi kwenda Posta kila siku na kurudi. Hapo ndipo Deni Sio Kifo alipoungulia.

---

Mzee wa Mlandizi

Mkuu Kifaru, gari sina. Mpango ulikuwa niuze Boxer niongezee.

---

Kifaru wa Dodoma

Usiiuze Boxer. Nakuomba kama mdogo wangu.

---

Msafiri wa Ngong

Kutoka Nairobi. Mmesema walioanguka waje, nimekuja.

R6 pia, nilikuwa na umri wa miaka 27. Siku ya kwanza nilijua tatizo moja: tumbo lake liko sentimita 13 tu kutoka chini. Matuta ya mtaani kwetu yamejengwa na watu wenye hasira, kila nikitoka nyumbani nasikia krrr. Nilijifunza kuyapanda kwa mshazari kama mtu anayevuka mto. Plastiki za chini zilipasuka kabla mwezi haujaisha.

Nilianguka mwezi wa nne. Tulikuwa watano, tunashuka kwenda Mai Mahiu, mapema, barabara kavu. Sikuwa mbio, niko kama 70. Kwenye kona moja lori lilikuwa limemwaga dizeli, mstari mwembamba tu unang'aa. Wa mbele yangu alipita pembeni yake. Mimi nilipita juu yake. Gurudumu la mbele liliondoka kama mtu amelivuta kwa kamba, na nikaanza kuteleza nikitazama pikipiki yangu ikinitangulia.

Helmeti, glovu na jaketi vilifanya kazi yake. Chini nilikuwa nimevaa jinzi, na jinzi kwenye lami ni karatasi ya chapati. Ngozi ya goti na paja iliisha. Mtulinga ulivunjika, nikawekewa chuma na skrubu. Wiki saba siwezi kuvaa shati bila kusaidiwa na mamangu, ambaye hakusema neno hata moja kuhusu pikipiki. Afadhali angesema.

Fremu ilipinda. Niliuza vipande: injini kwa mmoja, rimu kwa mwingine, tenki liko ukutani kwa jamaa fulani kama pambo.

Watu hawaamini nikisema nilirudi barabarani. Nina KTM RC390, silinda moja, 373cc. Ile R6 nilikuwa natumia robo yake na hiyo robo naiogopa. Hii naipiga gia zote, naifinya mpaka mwisho, na bado niko kwenye spidi ambayo naweza kueleza mahakamani. Swali lako la kama ningeinunua tena: 600, hapana. Ila ningenunua suruali ya kuendeshea kabla ya pikipiki yenyewe. Weka hiyo kwenye bajeti, ndugu, usije ukamaliza milioni 16 kwenye chuma ukapanda na kandambili.

---

Tumbili Mtupu

Kiwanja hakianguki kwenye kona.

---

Deni Sio Kifo

Kiwanja kinauzwa kwa watu watatu, nacho ni kuanguka.

---

Bin Darajani

Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, niko Muscat mwaka wa kumi na moja. Nina Suzuki Hayabusa, 1340cc. Huku kuna kila kinachokosekana huko kwenu: njia pana, lami kama kioo, kikomo 120 kwenye njia kuu. Basi mtu akisema "huko ndo pahala pake", nami nilisema hivyo hivyo.

Alakini n'nakwambia, miezi ya joto chuma hakishikiki. Saa nne za asubuhi ushachelewa. Kuanzia mwezi wa tano hata wa tisa imefunikwa, naiwasha kidogo ili betri isife, na mara mbili imekufa vile vile. Tairi zinakauka kwa jua bila kwenda mahali, nazibadilisha hazijaisha. Kwa hivyo nina mashine ya mwaka mzima naipanda miezi saba, na katika hiyo miezi saba ni Ijumaa tu, baada ya alfajiri, kuelekea Qurayyat, siku nyingine tukajikaza mpaka Sur. Radari zimejaa, faini ya kwanza nililipa nikiwa na furaha, ya nne sikuwa nayo.

Nilitaka niisafirishe nyumbani Unguja. Ami yangu akanambia, "Uje nayo uende wapi? Mjini hadi Nungwi hujakaa sawa kitini umeshaona bahari." Tena na ule upepo wa chumvi, kila skuruu itataka kutu. Nikakaa kimya.

Siiuzi lakini. Wale ninaopanda nao Ijumaa, Wabaluchi wawili, Mfilipino mmoja na Mpemba wa Wete, bila ya hii pikipiki n'ngewajuaje?

---

Sproketi

Mzee wa Mlandizi, Jumamosi nina nafasi asubuhi. Nauli yangu na supu, twende tukaione hiyo mashine.

---

Mzee wa Mlandizi

Mrejesho, wakuu.

Kwanza nilimwambia mke wangu. Bei kamili, kama Mama Nuru alivyonifunza. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akauliza, "Inabeba mkungu wa ndizi?" Nikasema hapana. "Inabeba mtoto kwenda shule?" Nikasema kwa shida. Akasema, "Basi nenda kaione ya mwisho, usije ukaninunia mwaka mzima." Sijajua hadi sasa kama ile ilikuwa ruhusa.

Jumamosi saa moja asubuhi tukafika Mbezi na Sproketi. Nilikuwa nimemsihi dalali asiiwashe. Tumefika, Sproketi kaweka kiganja kwenye injini, kanitazama. Ya moto. Dalali akasema kaisogeza tu kutoka uani. Kaisogeza umbali gani, Bagamoyo?

Usukani kulia, sawa. Usukani kushoto, Sproketi akawasha tochi, akaniita nichungulie. Kile kituo kimepondeka upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha mkopo, na pembeni yake kuna rangi mpya nyeusi iliyopakwa kwa brashi. Tairi la nyuma la 2014. Namba ya chesesi ilikuwa sawa na kadi, hilo niseme, mtu asionewe.

Niliikalia. Hilo nalo niseme. Niliikalia, nikashika mikono yote miwili, nikalala kwenye tenki. Sproketi alienda kununua maji kwa makusudi aniache.

Dalali alianza kushuka kabla sijasema neno. Kumi na tano. Kumi na nne. Tumeshafika barabarani anapiga simu, kumi na tatu mwisho, na anatuongezea helmeti. Nikamwambia nitamrudia. Supu tulikunywa Kibamba, Sproketi anazungumzia mpira, mimi simsikii.

Boxer iko nje hapa, nimeiosha. Hela iko palepale. Kuna mtu kaniambia Arusha kuna RC390 inauzwa na mwenyewe, haina dalali, ila sijampigia. Kiwanja pia sijampigia mwenyewe.

---

Kinyozi wa Stendi

Mkuu, namba ya huyo dalali wa Mbezi unaweza kunitumia inbox? Kama keshafika kumi na tatu, kumi na moja na nusu anakubali. Kituo kimoja kupondeka mimi hakinisumbui.